Lebkuchen Zangu za Jumapili

Tangu tuhamie Nürnberg, Ujerumani, kila ifikapo Desemba mama watoto hunikumbusha kwamba ni aibu kukaa katika mji wa Lebkuchen, zile biskuti za Krismasi za asali na viungo, na kuzinunua dukani kama mpita njia. Mimi naona mji ambao waokaji wake wamerithishana kazi hiyo kwa mamia ya miaka hauhitaji msaada wangu. Mwaka huu, hata hivyo, shule ya binti yetu ilimtaka kila mzazi apeleke Jumatatu kitu alichokioka mwenyewe, nami nikavishwa aproni bila kuulizwa.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Huku Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo ulichokisahau Jumamosi kabla ya saa mbili usiku utakisubiri hadi Jumatatu, na mimi nilikuwa nimesahau jozi, yaani walnut. Nyumbani kulikuwa na lozi gramu 200, zabibu kavu, tini kavu, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, na mfuko wa korosho niliotumiwa na shangazi kutoka Mtwara. Sasa, zile Lebkuchen bora kabisa ziitwazo Elisen zina masharti kama ya mahari: angalau robo ya uzito iwe lozi, jozi au hazelnati, unga usizidi asilimia 10, na jamii nyingine ya karanga isikaribie. Nikatia korosho. Kama kuna askari wa Lebkuchen, na aje.

Kilichoniuma zaidi ni viungo. Mdalasini, karafuu, hiliki na kungumanga, vitu nilivyokua navyo Muheza, nimeuziwa katika kikaratasi cha gramu 15 kwa bei ambayo kwetu ningebeba mfuko, tena vimesagwa hadi vimebaki na harufu ya kile kikaratasi chenyewe.

Nikatoa kinu nitwange lozi. Sikufikisha mapigo matano kabla bibi wa ghorofa ya chini hajagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, maana Jumapili ni siku ya kimya kisheria. Ikabidi nikate lozi mojamoja kwa kisu, kwa utulivu wa daktari wa upasuaji, na ya kwanza ikaruka ikaingia chini ya friji, ambayo nayo siwezi kuisogeza kwa sababu ingepiga kelele.

Lebkuchen za duara huokwa juu ya vikaki vyembamba kama vya komunyo, ambavyo sikuwa navyo, hivyo nikaamua kutandaza kinyunga kwenye trei na baadaye kukata vipande vya mstatili. Nikachemsha asali na sukari, nikachanganya na vingine vyote, na mwiko ukasimama wima katikati ya bakuli kama mlingoti. Kilichobaki ni kile kiumuzi chao, kitu cha kuumua kinyunga, kiitwacho chumvi ya pembe za kulungu, ambacho zamani kilitokana na pembe kweli. Hakuna aliyenionya kwamba kikipata moto hutoa amonia. Nilipofungua oveni baada ya dakika kumi, machozi yalinitoka, na mama watoto akauliza kutoka sebuleni, kwa sauti ya upole inayonitisha kuliko ukali:

“Baba watoto, nani amekojoa jikoni?”

Tukafungua madirisha yote, theluji ikaingia, watoto wakavaa makoti ndani ya nyumba. Kwa haki niseme kwamba harufu ile huisha kabisa vipande vikishaiva, kwa kuwa ni vyembamba na hewa yote hutoka. Vyangu viliiva, vikanukia, vikapoa, kisha vikakataa kisu. Mama watoto alivunja kipande kimoja akakigonga mezani, na bibi wa chini akajibu kwa ufagio.

Safari hii alipanda mwenyewe. Nilianza kuomba radhi kabla sijafungua mlango vizuri, lakini yeye alikuwa amefuata harufu ya asali. Akachukua kipande, akajaribu kukiuma pembeni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema ndivyo zinavyotakiwa kuwa: nizifungie ndani ya kopo la bati pamoja na kipande cha tufaha, zivute unyevu, na baada ya wiki mbili zitakuwa laini kama mto.

Wiki mbili, na shule ni kesho saa mbili asubuhi! Nilikwenda kwenye friji hivyo hivyo, nianze kuhesabu siku. Tufaha halikuwamo, na ilikuwa Jumapili.