Mmomonyoko tunaoujua sisi wa Dodoma

Ijumaa iliyopita nilikwenda kumwakilisha kaka yangu kwenye mkutano wa wazazi, shule moja ya kata huku kwetu. Basi saa moja na nusu kutoka mjini, halafu pikipiki. Shule siitaji, wala mgeni rasmi simtaji. Anayemjua atamjua, na asiyemjua anaye wa kwake, maana wako wengi na hotuba yao ni moja.

Mnaijua. Inaanza na "kizazi hiki", inapita kwenye simu, inapumzika kidogo kwenye nguo za kubana, inatia nanga kwenye "mmomonyoko wa maadili". Ya Ijumaa ilichukua saa nzima na dakika kumi. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimesimama. Viti vya plastiki vilikuwa vya meza kuu. Sisi wengine tulikuwa tunaufuata mkwaju mmoja na kivuli chake, na jua la Oktoba la huku halina ushirika na mtu.

Akafika kwenye mimba. Akasema serikali imekuwa na huruma, imewarudisha shuleni, lakini huruma isigeuzwe kichaka cha kujifichia. Hapo bado nilikuwa namvumilia. Halafu akatabasamu, kama mtu aliyekumbuka kichekesho kizuri, akasema: "Wapo humu wanakuja darasani na maziwa yao."

Watu wakacheka. Si wote, ila wa kutosha.

Binti wa kaka yangu alikuwa mstari wa nyuma, kidato cha tatu, amevaa sweta. Saa saba mchana, wenzake wamekunja mikono ya mashati mpaka kwenye viwiko, yeye sweta la kijani limefungwa hadi kifungo cha juu na mikono ameikumbatia kifuani. Mwanaume angeona mtoto anayesikia baridi. Mimi nilielewa palepale. Mtoto wake ana miezi saba, anabaki na bibi, na saa saba ndiyo saa yake ya kunyonya. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani.

Tangu siku hiyo nina hasira, na nyinyi mnaonisoma mnajua hasira zangu huishia wapi.

Sibishani na mtu kwamba mimba za shuleni ni jambo baya. Ni baya, tumekubaliana, tuendelee. Ninachobishana nacho ni huu ugonjwa wetu wa kudhani kwamba aliyekemea ameongoza. Mtu anapanda jukwaani, anakemea, anapigiwa makofi, anapanda gari, anaondoka. Tatizo linabaki palepale chini ya mkwaju, tena sasa limetiwa aibu juu yake.

Niwakumbushe tulikotoka, maana tunasahau haraka. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitoa nafasi ya kumfukuza mwanafunzi aliyeolewa au aliyetenda kosa dhidi ya maadili. Mimba haikutajwa kwa jina. Haikuhitajika. Neno "maadili" lilitosha kubeba kazi yote, na likamtwisha binti peke yake, kwa kuwa tumbo lilikuwa lake. Aliyempa mimba hakuvimba popote.

Juni 2017 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba katika utawala wake mwenye mtoto harudi shule. Sasa nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa: nilikuwa sebuleni kwangu Nkuhungu, namsikiliza kwenye televisheni, na nilisema "safi kabisa". Nilisema kwa sauti. Kaka yangu alikuwapo, binti yake huyu alikuwa bado shule ya msingi, amekaa sakafuni anakula karanga. Nikajiona nimelinda kitu.

Tarehe 24 Novemba 2021, hapahapa Dodoma, Profesa Joyce Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, akatangaza kwamba wanaojifungua wataruhusiwa kurudi. Zanzibar walikuwa wamesharuhusu tangu 2010 na bahari haikuwameza. Sasa niulize: kati ya 2017 na 2021 maadili yalibadilika? Amri Kumi zilipungua zikawa tisa? Hapana. Kilichobadilika ni kwamba watu fulani walikaa wakapiga hesabu. Binti aliyefukuzwa anakwenda wapi? Anakula nini? Mtoto wa pili anamzaa akiwa na umri gani? Tuliambiwa kumfukuza mmoja kutawatia wengine woga. Huku vijijini hakumtia woga mtu yeyote. Binti alikaa nyumbani miezi mitatu, akawa mke wa mtu, mambo yakaisha.

Na hilo la kutisha tulishalijaribu upande wa pili pia. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliongezewa kifungo cha miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Sawasawa. Huyo aliyempa mimba binti wa kaka ningependa aikae yote 30, na kwenye hilo sijifanyi mpole. Lakini ilikuwaje? Kijana alihama usiku. Wazee wakakaa, ng'ombe wawili wakatajwa. Kaka akakataa ng'ombe, akaenda kushtaki, akarudi, akaenda tena, nauli ikaisha. Mashahidi wakawa hawakumbuki. Nilimuuliza jirani mmoja, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, kwa nini hasemi alichokiona. Akanijibu bila kunitazama: "Miaka thelathini, mwanangu. Mama yake nachota naye maji." Aliyeandika kifungo kile alikuwa na nia njema, sina shaka. Ila hakumfikiria mama huyu na ndoo yake.

(Halafu Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inamruhusu mzazi kuridhia binti wa miaka 15 aolewe. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Yaani mkono mmoja umeshika pingu, mwingine umeshika shela.)

Turudi chini ya mkwaju. Wakati wa maswali akasimama mzee mmoja, koti la suti limepauka, fimbo kaishika kwa nyuma imepita kwenye viwiko vyote viwili kama wafanyavyo wazee wetu. "Mbukwenyi," akasema. Tukaitikia. Akamgeukia mgeni rasmi.

"Mheshimiwa, samahani. Kutoka hapa mpaka kwetu ni kilomita ngapi?"

Mheshimiwa akamtazama diwani. Diwani akamtazama mtendaji wa kata. Mtendaji akaitazama karatasi yake, ambayo niliiona, ilikuwa tupu.

"Ni tisa," mzee akasema. "Watoto wanatoka saa kumi na moja alfajiri, giza. Wanarudi, giza. Hawajala. Njiani kuna kijana wa bodaboda, anasema panda, bure. Sasa bure ya bodaboda ina mwisho wake, hapa sote ni watu wazima. Mimi nauliza, lile boma la nyumba ya mwalimu limekwama kwenye lenta tangu mwaka juzi. Tukilipaua, watoto wa mbali wakalala humo Jumatatu mpaka Ijumaa, mama mmoja akakaa nao tukamlipa nafaka, itashindikana?"

Akakaa. Haikufika dakika mbili. Na mjue kwamba huyu ni mzee wa kanisa. Kama kuna mtu pale aliyekuwa na haki ya kutuhubiria dhambi, ni yeye. Jumapili ndiyo kazi yake. Ijumaa hakumtaja Mungu hata mara moja. Alitaja kilomita.

Nimelala na kilomita hizo siku kadhaa sasa. Nimewahi kuwasikiliza wasomi wa chuo chetu hiki kikubwa kule mlimani wakijadili mimba za utotoni siku nzima, chai ya saa nne na ya saa kumi, na sikumbuki kama kuna aliyeuliza binti anatembeaje. Mzee aliuliza kwa sababu njia hiyo anaipita kwa miguu. Alikuwa ameondoka kwake jogoo la pili ili awahi mkutano wa saa tatu, ulioanza saa tano kwa kuwa gari la mheshimiwa lilichelewa.

Usiku ule nililala kwa kaka. Ugali wa uwele, mlenda, kibatari, binti anamnyonyesha mwanawe huku daftari la jiografia liko pajani. Ghafla akaniuliza: "Shangazi, mmomonyoko wa maadili ndio huu huu wa kwenye daftari?"

Nilicheka mpaka mtoto akashtuka. Lakini swali ni zuri, na kwa mtu wa mkoa huu ni swali la nyumbani. Nani asiyeyajua makorongo ya Kondoa? Ardhi ya Irangi ililiwa mpaka ng'ombe mzima angeweza kutumbukia asionekane pembe. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wakahamishiwa tambarare za chini, huko nako wakaenda kubanana na wa wenzao. Watu waliumia. Na lazima niseme, ingawa inanikera kwa sababu inaharibu hoja yangu: amri ile ilifanya kazi. Majani yalirudi. Miti iliota ndani ya makorongo. Pitia Kolo au Haubi leo uone.

Lakini angalieni ilifanyaje kazi. Walipima mteremko, wakachimba makinga maji, wakapanda miti, wakaipumzisha ardhi. Hakuna aliyesimama ukingoni mwa korongo akaliambia lione aibu. Na watu waliporuhusiwa kufuga tena, mwishoni mwa miaka ya themanini, iliwekwa njia: ng'ombe wachache, bandani, majani ya kukatiwa. Mtu hakuambiwa awe mtu mwema asiye na ng'ombe maisha yake yote. Alipewa namna ya kuwa naye bila kuimaliza ardhi. Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, mmomonyoko ni huo huo, na dawa yake huanza kwa kupima maji yanatokea wapi. Nilimwambia hivyo. Akaandika. Sijui mwalimu wake atasemaje.

Nikiwa bado nina wino, na hili la ombaomba. Kila mkitaka kucheka mnamtaja Mgogo na bakuli lake. Utani wa makabila naujua, na mimi natania. Lakini bibi yetu alituhadithia Mtunya, njaa ya wakati wa Vita ya Kwanza na baada yake, majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza yalipokomba ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nazo zikagoma. Watu waliondoka kwa miguu kutafuta chakula. Nchi yenye msimu mmoja wa mvua, ukikosa umekosa. Mwaka 1983 serikali ikaja na Operesheni Nguvu Kazi, "wazururaji" wakakamatwa Dar es Salaam wakarudishwa vijijini, na wengi wao walikuwa mjini tena kabla karatasi za kuwarudisha hazijakauka wino. Waliwaita wavivu. Hakuna aliyefungua ghala akaangalia kama kuna kitu.

Sketi fupi zilipigwa marufuku 1969, vijana wa TANU wakazifukuza barabarani. Zilirudi. Wacha tuendelee.

Kitu kimoja tu cha kuchekesha kabla sijaondoka. Tunayo sheria ya maadili, ya mwaka 1995, na sekretarieti yake. Inahusu nini? Viongozi wa umma na matamko ya mali zao. Hiyo ndiyo maadili kwa mujibu wa sheria za nchi hii: una nyumba ngapi, umezipataje. Katika hotuba za majukwaani sijawahi kusikia neno hilo likielekea upande huo. Linateremka tu, kama maji, mpaka limkute binti wa kidato cha tatu mwenye sweta.

Mgeni rasmi, nisimdhulumu, aliahidi mifuko kumi ya saruji na imefika. Shukrani. Boma limeshamaliza kuta, kinachotakiwa ni mbao na bati, lakini saruji itapiga sakafu. Mzee alikuja Jumatatu na vijana wanne wakapima. Zinahitajika bati 42, geji 28. Hadi jana jioni tumepata 13, na debe sita za uwele za mama atakayekaa na watoto. Mwenye bati, hata kama zilishatobolewa misumari, anitafute.