Kihisi cha polima na mashine inayojifunza: nani amsahihishe nani?

Polima zinazopitisha umeme zina sifa ambayo silikoni haina: huyeyushwa ndani ya kimiminika, zikapakwa kama rangi. Tabaka la nanomita 200 la P3HT (polima mojawapo ya hizo) iliyochanganywa na PCBM (kemikali ya kaboni inayopokea elektroni) hunasa sehemu kubwa ya mwanga wa kijani, ilhali silikoni huhitaji maikromita kadhaa kwa kazi hiyohiyo. Tabaka hilo hukaa juu ya plastiki inayopinda, hivyo kihisi cha mwanga cha kamera chaweza kuundwa kwa mbonyeo kama retina, utando wa nyuma ya jicho. Lenzi sahili hutoa taswira kali kwenye uso uliobonyea, si kwenye uso bapa, na ndiyo maana kamera za kawaida hulazimika kurundika lenzi. Faida hii ni ya kweli.

Taabu iko kwenye upikaji. Mwanga ukipiga polima huzaa jozi ya elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni), na jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kufa. Jozi hutenganishwa kuwa mkondo mpakani, P3HT inapokutana na PCBM, kwa hiyo hizo mbili lazima zifumane kwa karibu mno. Kiyeyushi kikikauka haraka, mfumano huwa wa chembe ndogo kupita kiasi na chaji hunaswa njiani. Kwa kawaida tabaka hupashwa joto la nyuzi 110 hadi 150 za Selsiasi kwa dakika kadhaa, ndani ya nitrojeni. Ukizidisha, PCBM hujikusanya mabonge na jozi hazifiki mpakani. Oksijeni na unyevu vikipenya baadaye, hata kihisi kilichopikwa vizuri huchakaa.

Hapo ndipo wapenzi wa mashine inayojifunza husema: acheni mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa mifano, usahihishe hitilafu za kihisi. Kwa kiasi fulani wana haki, ingawa tofauti kati ya pikseli na pikseli haihitaji mtandao wowote. Piga picha 100 gizani, kisha 100 za mwanga mweupe uliosambaa sawasawa. Katika kila picha mpya, toa wastani wa kwanza, gawanya kwa wa pili uliokwisha kutolewa giza. Hiyo ni hesabu ya shule. Mtandao una kazi pale hitilafu inapobadilika na joto, umri na mwanga uliotangulia, mradi mifano ya kuufundisha iwe na hali hizo zote. Ukiufundisha kwa kihisi kimoja tu, utakariri madoa yake na kushindwa kwa pacha wake.

Kuna hasara ambayo hakuna mtandao unaoirudisha. Tuseme mkondo wa gizani, yaani umeme unaovuja hata bila mwanga, umejaza pikseli elektroni 10,000. Wastani wa mkondo huo utautoa, lakini mtikisiko wake, elektroni 100 hivi, utabaki. Mwanga hafifu uliozaa elektroni 50 umezama humo. Mtandao utatoa picha safi, naam, ila safi kwa kubahatisha. Kwa kifaa cha kumwongoza mtu barabarani huo ni udanganyifu. Dawa ni kupunguza mkondo wenyewe: tabaka la kuzuia chaji kwenye elektrodi, volteji ndogo, filamu isiyo na vitobo.

Hoja yenye mvuto zaidi ni ya kuugeuza udhaifu kuwa kazi. Chaji zilizonaswa hutoka polepole, kwa hiyo mkondo hubaki juu kidogo baada ya mwanga kuzimika. Pikseli hukumbuka kitu kilichopita, na data ya kusafirisha hupungua. Lakini kumbukumbu hiyo hurefuka na kufupika kadiri joto linavyobadilika. Mtandao uliozoea asubuhi ya baridi utasoma mwendo vibaya mchana.

Matumizi ninayoyaona yana msingi imara ni ndani ya jicho. Mwaka 2017 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya kipandikizi cha P3HT na PEDOT:PSS (polima nyingine inayopitisha umeme) juu ya hariri, kilichowekwa chini ya retina za panya zilizoharibika. Panya wakaanza tena kuitikia mwanga. Hakina betri wala kamera, tofauti na Argus II, kipandikizi cha jicho cha binadamu kilichotegemea kamera ya kwenye miwani na elektrodi 60. Humo anayejifunza ni ubongo wa panya. Na urekebishaji ule wa picha 100 za gizani haufanyiki: hakuna waya unaotoka nje wa kuzisoma.