Kipandauso cha miaka ya arobaini: kusubiri nako kuna madhara

Mwanamke wa miaka 45 ambaye kila hedhi ikikaribia hulala gizani akitapika kwa maumivu ya upande mmoja wa kichwa, mara nyingi hupewa jibu fupi: vumilia, hedhi ikikoma yataisha. Jibu hilo lina msingi. Tangu 1972 daktari Somerville alionyesha kwamba kipandauso cha hedhi huchochewa na kushuka kwa homoni ya estrojeni. Hedhi ikishakoma kabisa homoni hutulia, na wanawake wengi hupata nafuu.

Tahadhari ya madaktari kuhusu kutoa homoni nayo haikutoka hewani. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni au ganzi anakabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kiharusi, na Shirika la Afya Duniani linasema asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 uliohusisha homoni wanazopewa wanawake wakati wa ukomo wa hedhi na saratani ya matiti, na kalamu za madaktari wengi zikawa nzito.

Lakini asubiri mpaka lini? Kipindi cha homoni kuyumba kabla ya hedhi kukoma huchukua wastani wa miaka minne, na kwa wengine hufika minane au zaidi. Tuchukue anayeumwa siku 8 kwa mwezi. Kwa mwaka ni siku 96; kwa miaka minne ni 384. Anaambiwa avumilie zaidi ya mwaka mzima wa kulala gizani, tena katika umri ambao kazi, watoto na wazazi wazee wote wanamtegemea. Na hakuna anayesubiri mikono mitupu. Anameza dawa za maumivu. Za kawaida zikizoeleka siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zenye kodeini na zile za kundi la triptani, yaani dawa maalumu za kukata kipandauso, siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa. Siku 8 zinageuka 15, na mgonjwa aliyetii ushauri ndiye sasa anayeambiwa anatumia dawa vibaya. Hilo linaniuma kuliko yote. Hatari za homoni zimechapwa kwenye karatasi ya pakiti. Za kusubiri hazijaandikwa popote.

Hata utafiti ule wa 2002 unastahili kusomwa upya. Wanawake waliopimwa walikuwa na wastani wa miaka 63, nao walimeza vidonge. Hofu iliyotokana nao ikahamishiwa kwa wa miaka 45 anayeuliza kuhusu estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi. Estrojeni hiyo haipiti kwanza kwenye ini, kiwango chake katika damu hakipandi na kushuka kama cha kidonge, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda. Si ya kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi, mwenye mfuko wa uzazi lazima aongezewe projestojeni, homoni inayoulinda mfuko huo, na wapo ambao kichwa huzidi kwa sababu ovari zao bado zinayumba. Majaribio makubwa yaliyopima homoni hizi kwa kipandauso chenyewe pia ni machache.

Ila ugumu huo ni wa homoni tu. Dawa za kinga kama propranolol, candesartan na amitriptyline hupunguza mashambulizi bila kuigusa estrojeni, na tangu 2018 zipo sindano zinazozuia CGRP, kemikali inayoshiriki kuanzisha maumivu. Mwenye hedhi inayotabirika anaweza kuanza dawa ya maumivu ya naproxen siku mbili kabla. Triptani inayomezwa mapema hukata shambulio kwa wengi, mradi moyo uwe mzima na shinikizo la damu limedhibitiwa. Njia isiyofaa kabisa ni kuondoa ovari: estrojeni huanguka ghafla, na kipandauso mara nyingi huwa kikali zaidi.

Anayekwenda kwa daktari aende na rekodi ya miezi mitatu: siku za hedhi, siku za maumivu, na kila kidonge alichomeza. Akipewa dawa ya kinga, aulize tarehe ya kurudi. Wiki 8 hadi 12 kwa dozi inayotosha ndiyo muda wa kuipima. Ikishindwa, ijaribiwe nyingine.