Kihisi cha kwenye kiatu: tukinunue au tuazimane?

Kikundi chetu cha jogging hapa Mtwara kimegawanyika kwa sababu ya kidude kidogo kuliko kokwa ya embe. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Dar na kihisi cha kubana kwenye kamba za raba, kile kinachohesabu hatua, kikakadiria umbali na kasi, kisha kikapeleka hesabu kwenye simu. Wiki mbili baadaye akapendekeza tuchange, kila mmoja awe na chake. Nusu ya kikundi wakashangilia, nusu wakasema ni kutupa hela. Mzee anayetusindikiza kwa baiskeli aliposikia vijana wakitaja "sensa ya kiatu" aliuliza kama serikali, baada ya kutuhesabu watu mwaka 2022, sasa imehamia kwenye raba.

Nilikiazima kwa wiki sita ili nisibishane hewani. Nimerudi na jibu ambalo halikuifurahisha kambi yoyote.

Kwanza ieleweke kinafanya nini. Kihisi hiki hakijui uko wapi. Kinachojua ni namna mguu unavyokita chini, unavyokaa, unavyonyanyuka na kurushwa mbele. Kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo unyayo wake unavyokaa ardhini kwa muda mfupi zaidi, na kutokana na mambo kama hayo programu inakadiria urefu wa hatua, inazidisha kwa idadi yake, unapata kilomita. Neno la kushika hapo ni kukadiria. Simu yenye GPS hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: inasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,000 na ushei juu yetu, na inahitaji angalau nne ili ijue ilipo.

Sasa jiulize kwa nini watu walihangaika kutengeneza kihisi cha kiatu. Mwaka 2006 Nike na Apple walitoa kile cha kutumbukiza chini ya soli ya ndani ya kiatu cha kushoto, kikawa kinawasiliana na iPod, kile kidude cha Apple cha kusikilizia muziki. Simu zenye GPS zilikuwa bado hazijaenea. Zaidi ya hapo, kiliwafaa watu wanaokimbia kwenye mashine ndani ya jengo wakati nje kuna baridi kali, au katikati ya maghorofa yanayoziba anga. Hilo ndilo tatizo kililokuja kulitatua. Mtwara tuna maghorofa mangapi? Ukitoka alfajiri kwenye barabara ya Mikindani anga lote ni lako, na simu ya kawaida inapima njia hiyo vizuri tu. Hoja kubwa kabisa ya kununua kihisi, ile wauzaji wanayoitanguliza, huku kwetu inapungua uzito kabla haijafika stendi.

Walioipinga kambi ya wanunuzi walikuwa na hoja yao wanayoipenda: mkimbiaji wetu Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32, bila kidude chochote kiatuni. Ni kweli, ila hoja hiyo inachechemea. Bayi alikimbia kwenye uwanja uliopimwa, huku watu wamesimama na saa mkononi. Alikuwa anapimwa, tena kwa makini kuliko sisi. Asiyetaka kupimwa asijifiche nyuma ya Bayi.

Nilichokipenda mimi ni kitu ambacho hakikutajwa kabisa kwenye mabishano yale: simu inabaki nyumbani. Baadhi ya vihisi hivi huhifadhi hesabu vyenyewe, ukirudi ndipo vinaimimina kwenye simu. Mtu anayekimbia saa kumi na moja alfajiri peke yake, giza bado, simu mfukoni inamulika kila hatua, anaelewa ninachosema. Dada wawili katika kikundi chetu waliacha kabisa kukimbia na simu baada ya mmoja wao kuporwa. Jasho nalo ni shida yake: kwa unyevu wa huku pwani, mfuko wa bukta unalowa kabla ya kilomita ya tatu. Halafu kuna betri. Kihisi nilichoazima kinatumia ile betri ndogo ya mviringo inayouzwa kwa mafundi saa, nayo inakaa miezi. Cha 2006 kilikuwa kimefungiwa betri ndani moja kwa moja. Ikiisha, kidude kizima ni takataka. Na iPod yenyewe, Apple ilisitisha ya mwisho mwaka 2022. Anayenunua leo aulize mambo mawili kabla ya bei: betri inabadilishwa? Na programu yake ikizimwa kesho, nitabaki na nini?

Usahihi ndio uliotuchosha zaidi. Siku ya kwanza nilikimbia baina ya vibao vya kilomita vya kando ya barabara, kilomita 5 kamili, kihisi kikanipa 5.4. Mwenye kifaa ni mrefu, na kilikuwa bado kinahesabu kwa hatua zake. Nikakirekebisha kwa kukimbia umbali ule ule mara mbili, kikatulia, tofauti ikawa mita chache. Kisha nikakipeleka ufukwe wa Shangani. Maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga ule mgumu wenye unyevu, kilisema karibu sawa na lami. Nikapanda juu kidogo, kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu hadi kifundo, kikapotea. Kwa mguu unaochelewa kunyanyuka kilidhani natembea, na mimi moyo ulikuwa unataka kutokea mdomoni.

Hapo ndipo nilipoona kasoro yake kubwa. Kihisi kinapima kiatu, hakipimi mwenye kiatu. Januari joto na unyevu vikikutana, dakika 6 na nusu kwa kilomita si sawa na dakika 6 na nusu za Julai upepo wa kusi ukivuma, lakini kwenye skrini zinafanana kama mapacha. Wenzetu wawili walikuwa wanalazimisha namba ya Julai mwezi wa Januari; mmoja aliishia kukaa chini ya mkorosho akitapika. Kumlaumu kihisi si haki, lakini namba inayong'aa ina ushawishi ambao pumzi haina.

Na namba zinazaa mashindano. Kwenye kundi la WhatsApp tulianza kutumiana picha za kilomita, na Jumapili moja jamaa akatuma 12 wakati tunajua alikuwa harusini. Kiatu kilikuwa chake, miguu ilikuwa ya mpwa wake. Tulicheka siku mbili. Bado naona lilikuwa jambo zuri kutokea, kwa sababu baada ya hapo picha zilipungua na watu wakarudi kukimbia.

Kwa watembeaji, mambo ni tofauti, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mama mdogo aliambiwa na daktari atembee kwa sababu ya presha. Anatembea kuzunguka uwanja wa mpira wa mtaani, kila mzunguko anasogeza punje moja ya tasbihi. Nikataka kumfunga kihisi. Nifunge wapi? Anavaa kandambili, hazina kamba. Nikamvalisha raba za binti yake, akazunguka mara mbili, akazivua: "Mwanangu, kidole kinaniuma, nipe ndala zangu." Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika, si kilomita wala hatua. Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zilitokana na jina la kipimahatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala si cheti cha daktari. Mama mdogo na tasbihi yake na saa ya ukutani ana kila anachohitaji. Anayemuuzia kihisi mtu kama yeye anamuuzia mzigo.

Lakini goti langu lilinibadilisha mawazo kidogo. Kwa mwaka mzima lilikuwa linauma kila nikipita kilomita ya sita, na kila mtu alikuwa na dawa yake: mafuta ya nazi, raba mpya, kupumzika. Kihisi kilinionyesha kitu ambacho macho ya mtu hayaoni. Mwanzo wa safari nilikuwa na hatua 166 kwa dakika. Kufika kilomita ya sita zimeshuka hadi 152, na kasi ni ile ile. Maana yake nilikuwa nimechoka na ninarefusha hatua, natupa mguu mbele mno, mkito wote unapanda gotini. Nikaanza kufupisha hatua kwa makusudi, chapuchapu, kama kwenye mchakamchaka wa shuleni tulipokuwa tumebanana mistari. Wiki ya nne maumivu yakapungua. Saa ya mkononi pekee isingeniambia hilo, wala vibao vya barabarani.

Ila baada ya kujua hivyo, wiki mbili za mwisho kihisi hakikuniambia lolote jipya. Mwendo nilishaushika masikioni. Ndiyo maana nimewaambia wenzangu tusinunue ishirini, tena msimu wa korosho usitudanganye pesa zikiingia. Tununue kimoja, kiwe cha kikundi, kama mzani wa kliniki: unapanda, unasoma, unashuka, anapanda mwingine. Kila mtu wiki nne, aanze kwa kukirekebisha kwenye vibao vya barabara ya Mikindani kwa hatua zake mwenyewe, na asikipeleke mchanga mkavu.

Kambi ya wanunuzi wamesema huo ni ubahili. Kambi ya wapinzani wamesema kimoja bado ni kingi. Katibu ameshaandika majina ya zamu hata hivyo, na wa kwanza kwenye orodha ni yule jamaa wa harusini. Tumemwekea sharti moja: mpwa asiguse.