Miungu kwenye dinari za Roma: imani au siasa?

Wanaosema kuwa picha za dini kwenye dinari, sarafu za fedha za Roma, ni siasa tupu huanza na Julius Caesar, na hapo wana nguvu. Mnamo 49 au 48 KK, vita dhidi ya mpinzani wake Pompeius vikiwa vimeanza, alitoa dinari kwa wingi za kuwalipa askari. Upande mmoja tembo anamkanyaga nyoka juu ya jina CAESAR. Upande wa pili hauna sura ya mtu: kuna upawa wa kumiminia divai, kinyunyizio, shoka la kafara na kofia ya kuhani. Hata askari asiyejua kusoma aliweza kuona kwamba anayemlipa ni Kuhani Mkuu, cheo alichokishika Caesar tangu 63 KK.

Lakini hoja hiyo inakwama kwa kaisari Elagabalus (218–222 BK). Alichapisha jiwe takatifu la mungu wa jua wa Emesa, huko Siria, likiwa kwenye gari la farasi wanne, na dinari nyingine zinamwonyesha yeye mwenyewe akitoa sadaka madhabahuni. Mwenye kutafuta kupendwa Roma asingethubutu. Alipouawa, mrithi wake Severus Alexander alilirudisha jiwe Emesa, na Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, akashika tena nafasi yake kwenye sarafu. Naona hapa imani ya kweli, tena iliyomgharimu.

Kwa hiyo kipimo changu ni badiliko. Kaisari Tiberius alitumia mwanamke yuleyule aliyeketi, mwenye fimbo na tawi, karibu utawala wake wote; picha ya mazoea namna hiyo haitoshi kuthibitisha ucha Mungu wala hila. Linganisha kwanza na watangulizi, ndipo uhukumu.

Kabla ya hapo, hakikisha umemtambua mungu mwenyewe. Miungu wa kike hufanana mno, hutofautishwa na wanachoshika: Salus humlisha nyoka, Fortuna ana usukani, Pax ana tawi la mzeituni. Vitu hivi hukaa pembeni, na chapa isipopigwa katikati hukatika.

Chunguza pia ukingo. Kijani au wekundu unaochungulia chini ya fedha ni dalili ya kiini cha shaba, yaani sarafu ya kughushi iliyofunikwa fedha juu tu, na shaba ni nyepesi kuliko fedha: dinari ya Tiberius inayokaribia gramu 3.7 ni ya kawaida, ya gramu 3 ichunguzwe. Waghushi walichanganya kichwa cha kaisari mmoja na mungu wa mwingine. Ukiichukua sarafu ya namna hiyo kama ushahidi wa ibada mpya, unamsifu kaisari kwa kazi ya mwizi.