Kingston Moja, Njia Mbili: Sheria ya Redio na Wanamuziki wa Kanada

Mji wa Kingston, katika jimbo la Ontario, umeipatia Kanada wanamuziki wa namna mbili ambao ukiwaweka pamoja unaupata mgogoro mzima wa zaidi ya nusu karne. Bryan Adams alizaliwa huko mwaka 1959, na mwaka 1991 wimbo wake wa mapenzi ulikaa nambari moja Uingereza kwa majuma 16 mfululizo. Bendi ya The Tragically Hip ilianzishwa huko huko mwaka 1984, ikajaza kumbi na viwanja vya Kanada kwa miongo mitatu, lakini ng'ambo ya mpaka, Marekani, haikuwahi kuwa na jina kubwa. Adams aliishutumu hadharani sheria inayovilazimisha vituo vya redio vya Kanada kupiga muziki wa nyumbani, ilhali The Tragically Hip hutajwa karibu kila mara watetezi wa sheria hiyo wanapotafuta mfano.

Sheria yenyewe ilianza Januari 1971. Tume ya utangazaji, CRTC, ikiongozwa na Pierre Juneau, iliviamuru vituo vya AM vihakikishe kwamba asilimia 30 ya muziki unaopigwa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita usiku ni wa Kikanada. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwango kilipandishwa hadi 35. Vituo vinavyotangaza kwa Kifaransa vina sharti jingine, kwamba asilimia 65 ya nyimbo zao ziwe za Kifaransa, na hilo ni suala la lugha linalostahili mjadala wake.

Hoja ya wapinzani haipuuziki, na ushahidi wao bora uko Windsor, mji unaotazamana na Detroit, mto tu ukiwa katikati. Hapo palikuwa na kituo cha CKLW, chenye mitambo ya wati 50,000, ambacho sehemu kubwa ya wasikilizaji wake walikuwa Wamarekani. Aliyechagua nyimbo alikuwa mwanamke mmoja, Rosalie Trombley, na sikio lake lilitosha kuufanya wimbo upendwe upande wa pili wa mto. Mwaka 1969 aliushikilia wimbo wa The Guess Who, vijana wa Winnipeg, hadi ukapenya Marekani. Mwaka uliofuata bendi hiyo ikafika nambari moja huko. Mwaka huo huo wa 1970 Anne Murray wa Nova Scotia naye aling'ara kwa Wamarekani. Yote hayo yalitokea kabla ya amri yoyote. Wapinzani husema basi kwamba kipaji kilijitafutia njia chenyewe, na kwamba sheria ilipokuja iliibana CKLW, ambayo sasa ilipaswa kutimiza asilimia 30 huku washindani wake wa Detroit wakipiga walichotaka. Kwa haki, redio za FM nazo zilikuwa zikiwahamisha wasikilizaji wake, kwa hiyo lawama yote haiwezi kutwishwa sheria.

Hata hivyo, mfano huo huo una upande wa pili. Kama mlango wa kutokea ulikuwa sikio la mtu mmoja aliyeulenga mji wa Marekani, basi mwanamuziki wa Kanada alikuwa akipimwa kwa ladha ya Detroit hata akiwa kwao. Neil Young aliondoka Toronto mwaka 1966 kwa gari kuukuu la kubebea maiti, akaenda Los Angeles. Joni Mitchell, aliyekulia Saskatoon, alipitia Detroit na New York. Kuondoka hakukuwa usaliti wala tamaa ya anasa, kwani waliobaki walikuta wasimamizi wa redio wakisubiri kwanza wimbo usifiwe Marekani ndipo waupige. Sheria ilipoanza, baadhi ya vituo viliitii kwa hila: vilizirundika nyimbo za Kikanada saa ambazo watu wengi wamelala, na saa hizo zikapewa jina la utani la beaver, yule mnyama mjenga mabwawa aliye nembo ya nchi.

Sheria inapoyumba zaidi ni katika kuamua wimbo upi ni wa Kikanada. Kipimo kiliitwa MAPL, kikifanana kwa makusudi na jina la maple, mti ambao jani lake limo kwenye bendera. Zilikuwepo alama nne: muziki, msanii, mahali uliporekodiwa au kutumbuizwa, na maneno, wimbo ulihitaji alama mbili. Tuihesabu albamu ya Adams ya 1991. Msanii ni Mkanada: alama moja. Muziki na maneno aliyatunga pamoja na Robert John Lange, mzaliwa wa Mufulira, katika Zambia ya leo, na kanuni za wakati huo hazikutambua utunzi wa ubia kama huo: hapana, na hapana tena. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika London: hapana. Alama moja kwa nne, na mwimbaji maarufu kuliko wote nchini akawa mgeni kwao. Sasa tumchukue Jeff Buckley, Mmarekani, aliyerekodi Marekani, na kuutoa mwaka 1994, wimbo wa Leonard Cohen wa Montreal. Muziki wa Cohen, maneno ya Cohen: alama mbili, wimbo wa Kikanada. Baada ya kelele za Adams kanuni ililegezwa ili utunzi wa nusu kwa nusu na mgeni uhesabike.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hukosea zinapowahesabu nyota. Sheria haikuwaumba nyota, na wapinzani wana haki kulisema hilo. Ilichofanya ni kumwezesha mwanamuziki wa daraja la kati kuishi kwa kazi yake bila kuhama, pamoja na mpiga besi wake, fundi mitambo wake na studio ya mtaani kwake. Agosti 20, 2016, The Tragically Hip walirudi Kingston kwa onyesho la mwisho, mwimbaji wao Gord Downie akiwa na saratani ya ubongo, na watu wapatao milioni 11.7 walilifuatilia kupitia shirika la CBC, katika nchi ya watu milioni 36. Ni vigumu kufikiria umaarufu wa namna hiyo, wa nyumbani tu, ukijengeka bila redio iliyolazimika kuwapiga.

Tatizo la leo ni kwamba msikilizaji amejichukulia kazi ya Trombley. Justin Bieber wa Stratford na The Weeknd wa Toronto walianzia YouTube, bila kuihitaji redio. Kiwango cha lazima hakina mahali pa kushikia kwenye simu ya mtu, na ndiyo maana sheria iliyopitishwa Aprili 2023 ilielekeza macho kwenye fedha. Mwaka 2024 CRTC iliziamuru kampuni kubwa za muziki na filamu za mtandaoni zichangie asilimia 5 ya mapato yao ya Kanada, nazo zikakimbilia mahakamani. Sehemu ya fedha hizo ilikusudiwa mifuko kama FACTOR, ulioanzishwa mwaka 1982, ambao husaidia gharama za kurekodi na nauli za ziara. Bendi ya Thunder Bay inayotaka kupiga majuma matatu magharibi mwa nchi, katika gari moja na vyombo vyake vyote, inaufahamu mfuko huo vizuri kuliko inavyoijua MAPL.