Find inakera kweli, ila ikisema hakuna, hakuna

Siku hizi mtu akianza Linux tu anaambiwa achana na find, amri ya kutafuta faili, ya kizamani hiyo, tumia locate au fd. Na kusema ukweli malalamiko yana msingi. Ukiandika `find . -name *.log` bila alama za nukuu, shell (programu inayopokea amri zako) inaipanua hiyo nyota kuwa majina ya faili kabla find haijaiona, na kama hapo ulipo kuna faili mbili tatu za log unatupiwa "paths must precede expression", uambiwe nini hapo? Mpangilio nao una mambo yake, tanguliza `-delete` kabla ya `-name` ufute hadi usivyotaka. Na `-mtime +1` (umri wa faili tangu ibadilishwe) wengi wanadhani ni zaidi ya saa 24, kumbe sehemu ya siku inatupwa, kwa hiyo faili mpaka ifikishe saa 48.

locate inajibu papo hapo, sibishi. fd nayo inaandikika kibinadamu.

Ila angalia wanajibu kwa kutumia nini. locate haipekui diski, inasoma databesi inayotengenezwa na amri ya updatedb, ambayo kwa kawaida inasasishwa mara moja kwa siku. Faili uliyoshusha sasa hivi haimo. Tena fungua `/etc/updatedb.conf`, kwenye PRUNEPATHS (orodha ya folda za kurukwa) mara nyingi utakuta `/tmp`, yaani hata databesi iwe mbichi namna gani, huko haiingii.

fd ndo inanisumbua zaidi. Ukiiacha ilivyo inaruka faili zilizofichwa, na ndani ya mradi wa git (mfumo wa kutunza matoleo ya kodi) inaruka kila kilichotajwa kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu ambavyo git ivipuuze. Kwa anayetafuta kodi yake ya programu ni raha tupu. Sasa chukua mtu anayekagua seva kama kuna `dump.sql` (nakala ya databesi) yenye data za wateja imesahaulika mahali, na hizo dump ndo vitu vya kwanza watu kuweka kwenye `.gitignore`! Anapiga `fd dump.sql`, kimya, anaandika ripoti kwamba pako safi. Kwenye skrini "nimetafuta sijaona" na "huko sikuangalia" vinafanana kabisa, hamna hata herufi moja ya kuvitofautisha. Ndiyo, `-HI` ya kuonyesha hata vilivyorukwa ipo, lakini anayeikumbuka ni yule ambaye tayari anashuku.

find ikizuiwa kuingia folda inapiga kelele "Permission denied", na hata exit status yake (namba ya kusema amri imefaulu au la) haiwi 0. Sisi tunaona kero, tunabandika `2>/dev/null` kuzima ujumbe wa makosa, tunatupa orodha ya sehemu ambazo hazijapekuliwa!

Kwa hiyo locate naiachia vitu visivyohamahama, kama faili za mipangilio na kurasa za man (maelezo ya amri). Kukagua au kufuta ni find, na `-print` ikae mwisho kwanza uone orodha, ukiridhika ndo pale pale ilipokuwa unaweka `-delete`.